Mazrui wa Gazi: misukosuko ya 1895–1896

Mazrui wa Gazi ni tawi la ukoo wa Mazrui lililotawala sehemu kubwa ya pwani ya kusini ya Kenya tangu Mombasa ilipowatoka mkononi mwaka 1837 hadi 1896. Makao yao yalikuwa Gazi, kijiji cha pwani katika kaunti ya Kwale, kati ya Diani na Msambweni, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Makala hii inaeleza miezi kumi na minne iliyoimaliza nguvu ya nasaba hiyo, kuanzia kifo cha liwali wa Takaungu mnamo Februari 1895 hadi mkuu wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, alipovuka mpaka mnamo Aprili 1896 kwenda kujisalimisha kwa Wajerumani. Vitabu vingi huyaita mambo hayo uasi wa Mazrui. Ukiyatazama kutoka Gazi, yalianza kama ugomvi wa urithi ndani ya jamaa moja, na serikali ngeni ikauingilia.

Ukoo

Wamazrui walitoka Omani. Baada ya Wareno kung'olewa Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1698, watu wa ukoo huu ndio waliopewa uliwali wa Mombasa. Albusaidi waliposhika utawala wa Omani katika miaka ya 1740, Wamazrui walikataa kuwatii, wakaitawala Mombasa kwa amri yao wenyewe. Ugomvi huo wa nasaba mbili uliendelea hadi 1837, Sayyid Said, mtawala wa Albusaidi, alipoutwaa mji. Wakuu wa Mazrui zaidi ya 20 walikamatwa kwa hila, wakapakiwa jahazini hadi Bandar Abbas, Uajemi, na huko wakafia kifungoni. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo huo Mombasa.

Waliosalimika waligawanyika. Wengine walikwenda kaskazini, wakajenga Takaungu, karibu na Kilifi. Wengine walielekea kusini, wakatua Gazi, na huko ndiko alikokuja kutawala Mbaruk, mtoto wa yule Rashid bin Salim.

Kuanzia miaka ya 1860 Mbaruk alikuwa jina la kuogopwa kutoka Likoni hadi Vanga. Alipigana na masultani wa Unguja, ambao ni Albusaidi, mara kadhaa, na kila aliposhindwa ufukweni alirudi bara kwenye boma lake la Mwele, ndani ya misitu ya upande wa Shimba. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash, alilizingira boma hilo na kuliteka, lakini Mbaruk mwenyewe hakushikika, na baada ya muda akawa amerudi Gazi. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 aliwahi kupandisha bendera ya Wajerumani mjini kwake. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ilipokodishwa pwani mwaka 1888, ilimpa posho ili akae kimya.

Haifai kumsimulia Mbaruk kana kwamba alikuwa shujaa wa wote. Utajiri wa Gazi ulikuwa wa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Baadhi ya Wadigo, wenyeji wa pwani hiyo, walikuwa washirika wake na walipigana upande wake, ilhali wengine waliishi kwa kuwahofia watu wake. Mwandishi yeyote wa historia ya Kwale anapaswa kuzishika habari hizo zote mbili pamoja, kwa kuwa wazee wa vijiji vya Udigo walizishuhudia zote mbili.

Kiti cha Takaungu

Mnamo Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Walioutaka uliwali walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Rashid, mtoto wa marehemu. Wa pili alikuwa mpwa wa marehemu, mtoto wa ndugu yake aliyetangulia kutawala, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Ili kuwatenganisha, huyu ataitwa hapa Mbaruk mdogo. Kwa desturi ya ukoo, kiti kilimwendea mkubwa mwenye kufaa, si lazima mtoto wa aliyekufa, na kwa hesabu hiyo wengi walimwona Mbaruk mdogo kuwa ndiye mwenye haki.

Kampuni ilimchagua Rashid, aliyekuwa rafiki wa Waingereza. Mbaruk mdogo na ndugu yake Aziz waliondoka mjini na watu wao, wakakaa Gonjoro, nyuma ya Takaungu, wakiwa na silaha. Kampuni wakati huo ilikuwa imefilisika na ilikuwa ikijiandaa kukabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Badala ya kuwaachia wazee wa ukoo wasuluhishe, Waingereza walituma wanajeshi Juni 1895, Gonjoro ikashambuliwa, na ndugu wale wawili wakakimbia.

Tarehe 1 Julai 1895 nchi ilikabidhiwa rasmi. Kwenye baraza kubwa Mombasa, Mathews, sasa waziri mkuu wa Sultani, pamoja na Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Unguja na kamishna wa kwanza wa himaya mpya, waliwaahidi watu wa pwani kwamba dini yao na desturi zao za zamani hazitaguswa. Ahadi hiyo ilitolewa wiki chache tu baada ya desturi ya Takaungu ya kurithishana uongozi kuvunjwa kwa risasi.

Mgeni wa Gazi

Mbaruk mdogo alikimbilia kusini kwa jamaa yake wa Gazi, naye Hardinge akataka atolewe. Hapo ndipo mzee Mbaruk alipofikia njia panda, na uamuzi wake ndio kiini cha habari yote hii. Kiti cha Takaungu hakikumhusu. Alikuwa mtu mzima, ana posho, ana mji, na alikwisha kuionja nguvu ya bunduki za Mathews. Kumtoa mgeni wake kungemwachia vyote hivyo. Lakini mgeni huyo alikuwa damu yake, na Mbaruk alikuwa mtoto wa mtu aliyetiwa mikononi mwa serikali asirudi tena. Kwangu mimi, Bandar Abbas ya 1837 inaeleza kukataa kwake kuliko ile tabia ya ukorofi ambayo Waingereza walimwandika kuwa nayo.

Hardinge na Mathews walikuja Gazi na wanajeshi na kukuta mzee amekwisha kupanda Mwele. Mwezi wa Agosti Admirali Harry Rawson, mkuu wa manowari za Kiingereza katika maji haya, aliwashusha mabaharia na askari wake, wakaongozana na askari wa Sultani na msururu wa wapagazi wa maji na risasi kuingia bara. Boma lilizungushiwa magogo yaliyosimamishwa wima, na msitu mnene uliliziba pande zote hata mshambuliaji asilione mpaka alifikie. Tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ilitekwa na kubomolewa. Mathews alijeruhiwa. Mbaruk alitoroka tena.

Waingereza waliopigana hapo walipewa medali ya fedha ya vita vya Afrika ya mashariki na magharibi. Kwa kawaida jina la vita liliandikwa kwenye kibao kinachoshika utepe. Kwa vita hivi lilichorwa kwenye ukingo wa medali yenyewe: Mwele 1895. Hivyo jina la kichaka cha Kwale limebaki katika makabati ya wakusanyaji wa medali Uingereza, ilhali watoto wengi wa Kwale hawajafundishwa darasani kilichotokea Mwele.

Vita vya kuvizia

Kuanguka kwa boma hakukumaliza vita. Wapiganaji wa Gazi na wa Takaungu walijigawa katika makundi madogo, wakavizia misafara, wakashambulia vituo na vijiji, na kurudi porini. Kaskazini Aziz aliwasumbua Waingereza hadi kwenye viunga vya Malindi. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, mzee wa Kiswahili, alijiunga nao, na baadhi ya Wagiriama waliwapa chakula na hifadhi. Vita vya jamaa moja vikawa vya pwani nzima. Waliolipa gharama ni wakulima: ghala zilichomwa, mavuno yakaporwa na pande zote, watu wakahama makwao.

Serikali ilikuwa na haraka. Mhandisi mkuu wa reli ya Uganda, George Whitehouse, alifika Mombasa Desemba 1895, na reli isingejengwa wakati njia ya bara haina usalama. Askari wa Sultani na Wasudani hawakutosha, kwa hiyo Machi 1896 kikaletwa kikosi cha Baluchi kutoka India. Mbaruk alisukumwa kusini hatua kwa hatua. Mnamo Aprili alivuka mpaka na watu zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, na huko Moa, upande wa Tanga, akaweka silaha chini mbele ya gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann. Walikubaliwa kukaa kama wakimbizi.

Nasaba nyingine

Miezi minne baadaye zamu ilikuwa ya Albusaidi wenyewe, mahasimu wa Mazrui kwa vizazi. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Rawson yuleyule wa Mwele aliipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa watu 500 hivi. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Februari 1897 Rawson huyohuyo aliongoza jeshi lililoiteka Benin, katika Nigeria ya leo, ambako Oba Ovonramwen aling'olewa na kupelekwa uhamishoni. Watawala watatu walishindwa mbele ya admirali mmoja katika miezi kumi na minane.

Baadaye

Mbaruk alimalizia maisha yake Dar es Salaam na kufariki mwaka 1910, bila kurudi Gazi kutawala. Mali za walioasi zilitwaliwa na serikali. Upande wa Takaungu, uliokuwa na Rashid, sheria ya 1914 iliwawekea Wamazrui ardhi ya amana. Sheria hiyo ilifutwa 1989, na ugomvi juu ya ardhi hiyo umefika mahakamani. Jamaa wa Gazi hawakupata amana ya namna hiyo.

Ukoo haukupotea, ila uongozi wake ulihamia kwenye elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa mtoto mdogo Mombasa wakati Mwele inaanguka, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mchapishaji wa magazeti ya Sahifa na Al-Islah. Ndiye aliyeandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa jamaa zake Mombasa, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mtoto wake, Profesa Ali Mazrui, alifariki 2014 na kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo karibu na Fort Jesus.