BASIC: Lugha iliyofunguka ukiwasha tu kompyuta

Ukiwasha Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, skrini ya bluu inaandika READY. Maana yake mashine iko tayari, andika. Hakuna picha za kubofya. Kila unachotaka ifanye unaiagiza kwa BASIC.

Lugha yenyewe ni kongwe kuliko mashine hizo. Wanahisabati John Kemeny na Thomas Kurtz waliianzisha mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta ya chuo. Baadaye watengenezaji waliiweka moja kwa moja ndani ya chipu za kompyuta ndogo.

Somo la kwanza mara nyingi lilikuwa kama hili:

10 PRINT "HABARI"
20 GOTO 10

Ukiandika RUN, neno hilo linajirudia mpaka uisimamishe. PRINT inaandika, GOTO inarudisha kazi mstari wa 10. Namba zinaruka kumi kumi kwa sababu: ukisahau kitu, unachomeka mstari wa 15 katikati bila kuanza upya.

Shule ya wengi ilikuwa magazeti ya kompyuta. Yalichapisha michezo mizima, kurasa kwa kurasa, na mtoto anainakili herufi kwa herufi. Koma moja ikikosekana, mashine inagoma na kutaja mstari wenye kosa. Kuutafuta huo mkosi ndiko kulikofundisha kuliko kunakili kwenyewe. Na ole wako umeme ukatike kabla hujahifadhi kazi kwenye kaseti, kaseti zilezile za muziki: yote imekwenda.

Nafasi nayo ilikuwa finyu. ZX81 ya Uingereza ilitoka na kilobaiti 1 tu ya kumbukumbu.

Si kila mtu aliipenda BASIC. Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1975 kwamba inaharibu akili za wanafunzi. Alizidisha, ingawa GOTO zikitumika ovyo programu kweli inasokotana kama tambi. BBC Micro ilipunguza tatizo hilo kwa kuruhusu vipande vya programu vipewe majina na kuitwa. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alianza na BASIC kwenye VIC-20 ya babu yake.

Anayetaka kujaribu leo hahitaji mashine kuukuu, kwani zipo programu zinazoiga Commodore 64 kwenye kompyuta za sasa. HABARI zikizidi, kitufe cha kuzizima ni RUN/STOP.