Damu ya Maji Maji na Ukomo wa Madai

Ndugu makada, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mdai ardhi miaka 12, mdai mkataba 6. Hapa Mfaranyaki tunaulizwa: na waliowanyonga mashujaa wetu hapa Songea tarehe 27 Februari 1906 je? Tunajibu kwamba mtawaliwa hakuwa na mahakama ya kumshtaki beberu. Lakini tangu Uhuru, 1961, nani alituzuia? Hoja hiyo ni nzito, hatuikwepi. Sheria hiyohiyo inasema mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini, muda huhesabiwa upya. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha papa hapa, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Fidia hakuahidi.