NENO NA MATUMIZI: Leza ipi?

Mjini Bariadi siku hizi kila kiti cha gari kisicho cha kitambaa ni "leza". Fundi siti anasema leza, mwosha magari anasema leza, na mteja anatozwa bei ya leza. Neno tumelitoa kwa Waingereza, na kwao ni ngozi ya mnyama iliyodabaghiwa. Wafugaji wa Bukundi, katika mkoa huo huo, hawahitaji kuelezwa ngozi ni nini! Kinachoshonwa kwenye siti nyingi, za bodaboda hasa, ni vinili, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Lipo pia neno reksini, kutoka Rexine, jina la biashara la ngozi bandia ya Uingereza, mimi ningelirudisha. (Leza ya mionzi ni neno jingine kabisa, tuiache.)

Ukikosea jina, utakosea na dawa. Ngozi hufutwa kwa sabuni isiyo kali na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha hupakwa mafuta ya kuilainisha. Vinili hainywi mafuta hayo: yanabaki juu, yananata, yanakusanya vumbi. Yenyewe inataka kinga ya jua, maana jua na joto ndivyo vinavyoikausha hadi ipasuke. Halafu "polishi", jina linalobandikwa kila chupa ya dawa ya siti! Kusafisha ni kuondoa uchafu, kung'arisha ni kutia mng'ao, kukinga ni kuzuia madhara. Polishi ni ya kung'arisha. Ukiwa na shaka, chungulia upande wa nyuma wa kipande: ngozi ina nyuzinyuzi, vinili ina kitambaa kilichofumwa.