Safari ya ndege Nairobi–New York

Safari ya ndege Nairobi–New York ni safari ya moja kwa moja kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (Kenya) na ule wa John F. Kennedy (Marekani). Umbali wake ni takriban km 11,840. Shirika la Kenya Airways lilianza kuifanya tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8, baada ya Kenya kukubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani mnamo Februari 2017.

Njia

Kwenye ramani bapa, mstari mnyofu kati ya miji hiyo huacha bara la Afrika karibu na Mauritania. Mstari huo hudanganya, maana dunia ni tufe. Mwanafunzi akichukua tufe la darasani na kuvuta uzi kati ya miji hiyo miwili, ataona unapita Uganda, Sudan Kusini, kona ya Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Rubani haifuati kikamilifu: huangalia upepo, dhoruba na usalama. Anga la Sudan, kwa mfano, lilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza.

Muda

Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi takriban saa 14. Umbali ni uleule. Tofauti huletwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo wastani wa mwendo ni km 790 kwa saa wakati wa kwenda, na karibu km 845 wakati wa kurudi.

Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupaa kwa shida zaidi, hasa kwenye joto la mchana. Baridi ya usiku husaidia.

Saa za pande mbili

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wanaokwenda kupokea wageni. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa saa 7. Tuseme ni Januari, ndege inaondoka Nairobi saa 5 usiku. Baada ya saa 15, Nairobi ni saa 8 mchana, lakini New York ni saa 12 asubuhi. Ikiondoka New York saa 6 mchana, hufika Nairobi saa 4 asubuhi kesho yake: saa 22 za ukutani, 14 tu za angani. Tiketi huandika 23:00, si saa 5 usiku; asiyebadilisha vizuri huachwa na ndege.

Kupitia Amsterdam

Kwa njia ya Amsterdam jumla ni karibu km 12,520, yaani nyongeza ya km 680 hivi, isiyofika saa moja ya kuruka. Kinachorefusha safari hiyo ni kutua, kusubiri na kupaa tena.