Upasuaji Ulimshinda Nani? Suala la Ulinganisho katika Majaribio ya Tiba ya Diski Zilizochakaa

Alama 4.1 kati ya 100. Hiyo ndiyo tofauti waliyoipata Jeremy Fairbank na wenzake nchini Uingereza, katika matokeo yaliyochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2005. Wagonjwa 349 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa nasibu: 176 wafanyiwe upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo, 173 wapitie programu kali ya mazoezi na ushauri. Miaka miwili baadaye pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu. Katika kipimo cha ulemavu cha Oswestry, kundi la upasuaji lilishuka kutoka wastani wa 46.5 hadi 34.0, na kundi la mazoezi kutoka 44.8 hadi 36.1. Kitakwimu upasuaji ulishinda, lakini kwa upana wa unywele: makadirio ya tofauti yalianzia alama 8.1 na kuishia 0.1, hatua moja tu kabla ya sifuri.

Kipimo chenyewe kinatokana na dodoso la vipengele kumi linalomuuliza mgonjwa anavyojihudumia, anavyokaa, anavyosimama, anavyolala, anavyosafiri, hata hali ya tendo lake la ndoa. Fairbank alikuwa miongoni mwa waliolichapisha mwaka 1980. Kwa hiyo aliyekuja na habari hiyo mbaya kwa wapasuaji alikuwa mpasuaji mwenzao, na fimbo aliyopimia aliichonga mwenyewe.

Miaka minne kabla yake, Sweden ilikuwa imetoa jibu la kishindo. Peter Fritzell na wenzake waliwachukua wagonjwa 294 kutoka hospitali 19. Wengi wakapangiwa upasuaji, 72 wakabaki na tiba isiyo ya kisu. Baada ya miaka miwili maumivu ya mgongo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 33 kwa waliopasuliwa, na kwa asilimia 7 tu kwa wenzao. Utafiti huo umekuwa ngao ya kila anayetetea kuunganisha pingili kwa sababu ya diski iliyochakaa: jaribio la nasibu lipo, limefanyika vizuri, na upasuaji umeshinda. Makala haya hayana ugomvi na hesabu za Waswidi. Hoja yake ni kwamba ushindi huo husomwa vibaya, kwa sababu wasomaji wengi humtazama mshindi tu na kumsahau aliyeshindwa.

Kwanza yaliyokubalika, kwa ufupi. Picha ya MRI peke yake haitoshi kusema maumivu yanatoka wapi. Mapitio ya Brinjikji na wenzake ya mwaka 2015, yaliyokusanya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, yaliona diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetoka kupiga picha akiwa na bahasha inayosema diski zake zimechakaa anastahili kuambiwa jambo hilo kabla hajaanza kuuza shamba. Diski iliyochomoza na kubana neva hadi mguu ukawaka moto ni suala jingine. Huko kisu huleta nafuu ya haraka, ingawa katika utafiti wa Peul na wenzake huko Uholanzi mwaka 2007, waliopasuliwa mapema na walioambiwa wasubiri walikuwa sawa mwaka ulipotimia: asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Mzozo umebaki kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno peke yake na diski iliyochakaa, inayoonekana nyeusi kwenye picha.

Kundi la Waswidi ambalo halikupasuliwa lilipewa nini, basi? Fiziotherapia ya kawaida, pamoja na elimu na mbinu nyingine za kupunguza maumivu, kadiri mtoa huduma alivyoona inafaa. Tatizo ni kwamba sharti mojawapo la kuingia katika utafiti lilikuwa kuugua kwa angalau miaka miwili na kutosaidiwa na tiba za aina hiyohiyo. Ni kumshindanisha mkimbiaji na mtu aliyekwisha kuanguka, kisha kutangaza muda wa mshindi kwa fahari. Jaribio lilithibitisha kwamba kufanya jambo jipya, zito na lenye matumaini kunazidi kurudia lililokwisha kushindikana. Hayo ni maarifa halali, ila ni madogo kuliko yanavyonadiwa. Tena ripoti yenyewe inaonyesha kwamba nafuu ya waliopasuliwa ilikuwa kubwa zaidi katika miezi sita ya kwanza, kisha ikaanza kupungua polepole.

Wanorwe ndio waliobadilisha mpinzani. Mwaka 2003 Jens Ivar Brox na wenzake waliwagawa wagonjwa 64 kati ya upasuaji wa vyuma na skrubu na programu ya wiki tatu iliyoanza na mhadhara. Ndani ya mhadhara huo mgonjwa alielezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba shughuli za kawaida haziwezi kuiharibu diski yake: kuinama, kubeba na kutembea havina hatari aliyoifikiria. Kisha vikafuata vipindi vitatu vya mazoezi kila siku. Mwaka ulipoisha, waliopasuliwa walikuwa wameshuka kutoka 41 hadi 26 katika kipimo cha Oswestry, na waliofundishwa kutoka 42 hadi 30. Tofauti iliyorekebishwa ilikuwa alama 2.3, isiyo na uzito wa kitakwimu. Idadi ya watu 64 ni ndogo, na huo ni udhaifu wa kweli. Ndiyo maana jaribio la Uingereza, lenye washiriki zaidi ya mara tano ya hao na programu ya takriban saa 75 kwa muda wa wiki tatu, lina thamani kubwa: lilifika karibu na palepale.

Wapasuaji wana majibu. La kwanza ni kwamba asilimia 28 ya Waingereza waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya miaka miwili, hivyo makundi yakachanganyika na tofauti ikafifia. Ni kweli, na hakuna hila ya takwimu inayoweza kulifuta hilo kabisa. Lakini takwimu hiyohiyo ina upande wa pili: watu saba kati ya kila kumi, wote wakiwa wameonwa na wapasuaji kuwa wanaweza kufaa kwa kisu, hawakukihitaji. Ufuatiliaji wa Anne Mannion na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, ukiunganisha wagonjwa wa Norwe na Uingereza kwa wastani wa miaka 11, haukuona tofauti yenye maana kati ya makundi. Waliopatikana walikuwa 261 kati ya 473, kwa hiyo msomaji asiutegemee kupita kiasi.

Jibu la pili husikika zaidi mikutanoni: wachagueni wagonjwa vizuri, matokeo yatang'aa. Eugene Carragee wa Stanford alilipima dai hilo mwaka 2006. Aliwachukua watu ambao kipimo cha kuchoma sindano ndani ya diski kiliwaonyesha kuwa diski moja ndiyo chanzo cha maumivu, akawalinganisha na wenye pingili iliyoteleza, wote wakiwa wameunganishwa pingili. Kwa vigezo vikali vya mafanikio, asilimia 72 ya wenye pingili iliyoteleza walifaulu. Wa diski walikuwa asilimia 27. Kama kipimo cha uchaguzi kinachotukuzwa kinazaa matokeo hayo, mzigo wa ushahidi uko kwa anayesema anacho kingine bora.

Hapa hoja inageuka, na huenda isiwafurahishe wapinzani wa kisu pia. Programu iliyokwenda sare na upasuaji si karatasi yenye michoro ya mazoezi wala vipindi vichache vya kupashwa joto kiunoni. Ni saa 75, timu ya watu, na ujumbe mmoja unaorudiwa na kila mhudumu. Mahali ambapo huduma hiyo haipo, mgonjwa hachagui kati ya kisu na mpinzani wa Norwe. Anachagua kati ya kisu na mpinzani wa Sweden. Kwa hospitali nyingi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki, jaribio la Fritzell ndilo linaloelezea kwa uaminifu zaidi hali halisi ya mgonjwa. Faida ya upasuaji humo inapima umaskini wa kilichowekwa upande wa pili.

Na umaskini huo hautokani na bei peke yake. Hesabu za jaribio la Uingereza ziliweka wastani wa gharama kwa mgonjwa kuwa pauni 7,830 upande wa upasuaji na pauni 4,526 upande wa programu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu, mazoezi na baadhi ya tiba za kisaikolojia. Ni mwongozo mzuri. Lakini wizara itakayousoma na kununua mikeka ya mazoezi bila kuajiri watu wa kufundisha itakuwa imejenga upya lile kundi dhaifu la Sweden, safari hii kwa jina jipya.

Tiba mpya nazo zinastahili ukali huohuo. Miaka ya 2000 waya wa kuchoma joto ndani ya diski ulisifiwa sana, hadi Freeman na wenzake huko Australia walipowapa watu 57 ama tiba yenyewe ama maigizo yake: hakuna hata mmoja, kundi lolote, aliyefikia kigezo cha mafanikio. Jaribio la seli za kampuni ya Mesoblast lenye wagonjwa 404, lililolinganisha sindano ya seli na ya maji ya chumvi, nalo halikufikia lengo lake kuu. Maigizo na maji ya chumvi hujibu kama dawa inafanya kazi. Hayajibu kama inaizidi programu ya saa 75, na mlipaji wa bima angefaa kukataa kulipa mpaka jibu hilo lipatikane.

Kwa ukanda huu, utafiti wa kwanza unaohitajika hauna chuma wala seli ndani yake. Ni kuwagawa wagonjwa kati ya fiziotherapia inayotolewa sasa na programu kamili ya mtindo wa Norwe, ikiendeshwa na wafanyakazi wa hapa kwa Kiswahili, na kuwafuatilia kwa miaka miwili. Dodoso la Oswestry lingehitaji kupimwa upya kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa: linauliza kuhusu kuinua mizigo mizito, ila halitofautishi anayenyanyua sanduku kutoka sakafuni na anayejitwika ndoo ya lita 20 kichwani na kupanda nayo mlima.