Chigongi: Pumzi, Viungo na Mkono wa Dola

Walimu wengi wa chigongi, mazoezi ya Kichina ya pumzi na viungo, huwaambia wanafunzi wao kwamba mazoezi hayo yana umri wa miaka elfu tano. Ni hesabu inayopendeza sikio, ila ushahidi wake haupo. Maelekezo ya kina tunayoweza kuyashika mkononi yanaanzia mwaka 186 KK, lilipofungwa kaburi la ofisa mmoja wa ngazi ya chini huko Zhangjiashan, mkoani Hubei. Kaburi hilo lilipofukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalipatikana maandishi ya sheria na ya hesabu, na pamoja nayo vijiti vya mianzi vyenye maelekezo ya kunyoosha viungo: ukiumwa shingo fanya hivi, ukiumwa goti fanya vile. Hakuna mafumbo humo. Ni lugha kavu ya mtu aliyezoea kuelekeza wagonjwa.

Maarufu zaidi ni kitambaa cha hariri kilichotoka kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa kati ya 1973 na 1974. Kilikuwa kimechanika vipande vipande, wataalamu wakakiunga upya kwa subira. Kinaonyesha watu 44 katika safu nne, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wengine wamevaa kanzu ndefu, wengine vifua wazi. Mmoja ameinama akishika fimbo ndefu kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mwingine chini. Mwingine anamwiga dubu. Pembeni mwa baadhi yao yapo maneno machache yanayotaja mnyama anayeigwa au ugonjwa unaotibiwa. Ukikitazama kwa makini unagundua kuwa wengi wao ungewaweka leo asubuhi katika bustani yoyote ya Beijing na asingeshangaa mtu.

Tusisahau lakini kwamba kaburi lile lilikuwa la mtoto wa ofisa wa cheo cha juu. Mkulima wa zama hizo alikuwa na jembe la kumnyoosha mgongo. Waliofanya mazoezi haya kwa utaratibu walikuwa watu wenye nafasi na wenye hofu ya kufa mapema, na hata wakati huo walichekwa: kitabu cha Zhuangzi kinawataja, kwa dharau kidogo, watu wanaopuliza na kuvuta pumzi, wakining'inia mithili ya dubu na kujinyoosha mithili ya ndege, wakitafuta umri mrefu tu.

Daktari Hua Tuo, aliyefariki karibu mwaka 208 BK kwa amri ya Cao Cao, mbabe wa vita aliyekuwa akimtibu, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa Michezo ya Wanyama Watano: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Mwanahistoria Chen Shou aliandika kwamba mwanafunzi wake Wu Pu alipita miaka 90 akiwa bado anasikia vizuri na meno yake yote kinywani. Jinsi wanyama hao walivyochezwa, Chen Shou hakueleza. Maelezo ya kina yalikuja karne kadhaa baadaye, kwa hiyo anayejidai kufundisha mtindo wa Hua Tuo mwenyewe, basi na aulizwe ameupata wapi.

Mwaka 610 mazoezi haya yaliingia rasmi ikulu. Daktari wa mfalme, Chao Yuanfang, aliongoza uandishi wa kitabu kikubwa kuhusu vyanzo vya magonjwa, na chini ya maradhi mengi, mahali ambapo msomaji angetarajia dawa, kuna mazoezi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilele cha historia yote hii, ingawa hakina mbwembwe: ugonjwa, mkao, pumzi, idadi ya marudio, basi.

Nadharia iliyobeba mazoezi haya husimama juu ya chi, nguvu ya uhai ambayo Wachina wa kale waliamini inapita mwilini katika njia zake kama ipitavyo katika hewa, milima na majira. Ikipita bila kizuizi mtu ana afya; ikikwama au ikipungua, anaugua. Ghala lake kuu huwekwa chini ya kitovu, upana wa vidole vitatu au vinne hivi. Hakuna kipimo cha kisasa kilichowahi kuionyesha hiyo chi, na msomaji hana haja ya kuiamini ili aelewe kinachofanyika. Walimu wenyewe hugawa kazi sehemu tatu: kuutuliza mwili katika mkao sahihi, kuituliza pumzi, kuituliza akili. Viungo vikisogea bila pumzi na akili, hiyo kwao ni jimnastiki.

Chukua Vipande Vinane vya Hariri, mfululizo uliojulikana tangu enzi ya Song na ambao huenda ndio unaofanywa na watu wengi zaidi leo. Unasimama miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Vidole vya mikono miwili vinafungamana mbele ya tumbo, viganja vikitazama juu. Ukivuta pumzi unainua mikono. Ikifika kifuani viganja vinageuka na kusukuma juu ya kichwa, kana kwamba vinaibeba mbingu. Hapo unakaa kidogo, mgongo umenyooka, mbavu zimefunguka, ndipo mikono inashuka kwa pembeni na pumzi inatoka. Vinafuata kuvuta upinde kushoto na kulia, kuinua mkono mmoja mmoja, kugeuza shingo kutazama nyuma, kuyumbisha kiuno, kuinama mpaka kushika miguu, kukunja ngumi huku macho yamekodolewa. Mwisho unanyanyua visigino na kuviachia vigonge ardhi taratibu, mara saba. Yote huchukua kama robo saa. Mtu mwenye umri wa miaka 70 anaweza kuyafanya, na akiyafanya polepole inavyotakiwa, mapaja yatamwambia.

Habari kwamba mtawa Bodhidharma kutoka India aliwafundisha watawa wa Shaolin mazoezi ya kubadilisha kano ni tamu, lakini matini yenyewe watafiti wanaiweka karne ya 17, takriban miaka elfu moja baada ya mtawa huyo. Tupite.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba chigongi kama fani moja yenye jina moja ni zao la Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1947 karani mmoja wa chama mkoani Hebei, Liu Guizhen, alirudishwa kijijini akiwa hoi kwa vidonda vya tumbo na kukosa usingizi. Mzee wa huko, Liu Duzhou, akamfundisha zoezi la siri la kukaa kimya na kupumua huku akirudia maneno fulani moyoni. Baada ya siku 102 karani huyo alirudi kazini mzima, na wakubwa wake, waliokuwa na wagonjwa tele na madaktari wachache, wakamwagiza aifanyie kazi mbinu hiyo.

Kazi ilikuwa kuisafisha. Maneno ya zamani yaliyotaja makucha ya joka la dhahabu yaliondolewa, mahali pake yakawekwa maneno ya kawaida kuhusu kukaa kwa ajili ya afya bora. Miungu ikaondoka, nasaba za walimu na wanafunzi zikaondoka, masharti ya siri yakaondoka. Mwaka 1949 likachaguliwa jina la kuyakusanya mazoezi ya namna hiyo yote, ya watawa, ya madaktari na ya wapiganaji, chini ya paa moja. Mwaka 1954 kilifunguliwa kituo cha tiba Tangshan, kisha kingine Beidaihe, pwani walikopumzika viongozi wa taifa. Kitabu cha Liu kilitoka mwaka 1957. Upepo ukageuka: yaliyosifiwa kuwa sayansi ya umma yakaitwa ushirikina wa kikabaila, naye Liu akafukuzwa chamani na kupelekwa kufanya kazi za mikono.

Mazoezi yalirudi kupitia bustani za umma. Msanii Guo Lin, aliyekuwa ameugua saratani, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufundisha kutembea kwa pumzi Beijing, akisumbuliwa na polisi na kuendelea. Alikuwa mwalimu wa aina mpya: hakumficha mtu kitu, na alifundisha kundi zima kwa pamoja.

Baada ya 1979 mlango ulifunguka hadi ukavunjika. Magazeti yaliandika kuhusu watu waliodai kutoa chi mikononi na kuponya kwa mbali. Qian Xuesen, baba wa roketi za China, aliunga mkono utafiti huo kwa uzito wote wa jina lake. Mwaka 1987 mwalimu wa chigongi Yan Xin na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua walidai kuwa mwalimu huyo alibadilisha maji kutoka mbali, na viwanja vya michezo vikajaa watu waliolia, kucheka na kutetemeka walipomsikiliza. Zipo picha za mwanzoni mwa miaka ya 1990 za watu wazima waliokaa chini, wametulia, wamevaa masufuria kichwani ili kunasa ujumbe wa ulimwengu. Hospitali nazo zilianza kupokea waliochanganyikiwa kwa kuzidisha mazoezi, kiasi kwamba mwaka 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliitaja hali hiyo kwa jina.

Katika wimbi hilo alitokea Li Hongzhi, aliyeanza kufundisha Falun Gong mjini Changchun mwaka 1992. Tarehe 25 Aprili 1999 wafuasi wake takriban elfu kumi walisimama kimya kuzunguka Zhongnanhai, makao ya viongozi. Mwezi Julai kundi hilo lilipigwa marufuku. Maelfu walikamatwa, na mashirika ya haki za binadamu yameripoti mateso na vifo vizuizini. Makundi mengine makubwa ya chigongi nayo yakavunjwa. Dola iliyoyalea mazoezi haya tangu 1949 iliyaogopa yalipoanza kukusanya watu bila yenyewe.

Tangu hapo chigongi imehamishiwa kwenye mamlaka ya michezo. Chama rasmi kilichoundwa humo kilitoa mifululizo minne iliyopimwa na kusanifishwa: Wanyama Watano, Vipande Vinane, Sauti Sita za kutoa pumzi, na Kubadilisha Kano. Kuna mashindano, alama, sare. Wapenzi wa zamani husema roho imetoka. Mimi naona hasara ni ndogo kuliko wanavyodai, maana maelekezo ya leo yanafanana zaidi na vijiti vya Zhangjiashan kuliko yanavyofanana na masufuria ya miaka ya 1990.

Tafiti juu ya mazoezi ya jamii hii, hasa taichi, zimeonyesha kwa uzito kwamba hupunguza kuanguka kwa wazee. Kuhusu kutibu saratani au kisukari peke yake, hakuna ushahidi wa namna hiyo. Msomaji anayetaka kujaribu aanze na Vipande Vinane, na mwalimu akimwambia aache dawa za hospitali, ambadilishe mwalimu.