Waya Uliolala Chini

Ukimuuliza mtu yeyote namna ya kusikia kituo cha mbali kwenye redio, atakwambia upandishe eriali juu ya paa, ipite hata ile ya jirani. Kwa redio za mawimbi mafupi na ya kati, ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Eriali ndefu ya wima hunasa sauti unayoitaka, lakini hunasa pia mikwaruzo ya radi kutoka kila upande. Ukiongeza sauti, vyote viwili hupanda pamoja. Hujafaidi kitu!

Miaka ya 1910 tatizo hili lilikuwa la pesa nyingi. Mawasiliano ya Marekani na Ulaya yalipita kwenye mawimbi marefu ya kilomita kadhaa, na dawa iliyojulikana ya mikwaruzo ilikuwa kujenga mtambo mkubwa zaidi wa kurusha. Watu walishindana na radi kwa kupiga kelele zaidi yake. (Tumewahi kuona wanasiasa wakitumia mbinu hiyohiyo.)

Harold Beverage, mhandisi aliyezaliwa Maine, Marekani, mwaka 1893, alilitazama jambo upande wa msikilizaji. Aligundua kwamba waya mrefu uliolazwa chini, badala ya kuinuliwa, una tabia ya ajabu: unasikia vizuri upande mmoja na kuwa kiziwi kwa pande nyingine. Alipewa hataza Juni 1921. Mwaka 1923 yeye na wenzake wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo kamili ya antena hiyo. Na kama majina hayo mawili unayajua, ni kwa sababu spika nyingi tunazotumia mpaka leo zinafuata muundo waliouonyesha miaka michache baadaye.

Inafanyaje kazi? Wimbi la redio linapopita juu ya ardhi, sehemu yake ya chini hucheleweshwa na udongo, kwa hiyo wimbi huinama kidogo mbele. Mwinamo huo ndio unaosukuma umeme ndani ya waya uliolala. Wimbi likisafiri sambamba na waya, kila mita huongeza kidogo juu ya ile iliyotangulia, mpaka nguvu yote inafika mwisho ambako redio imefungwa. Je, wimbi likitokea nyuma? Nalo hujikusanya vivyo hivyo, ila linaelekea mwisho wa pili, na huko Beverage aliweka rezista iliyounganishwa na ardhi. Nguvu ile inageuka kuwa joto, basi, kwisha. Kwa antena za siku hizi rezista hiyo huwa karibu na omu 450. Cha kuchekesha ni kwamba antena hii hupenda udongo mbaya, mkavu. Juu ya maji ya chumvi wimbi haliinami vya kutosha.

Kampuni ya RCA ilijenga moja huko Riverhead, Long Island, yenye urefu wa takriban maili 9, ikitazama Ulaya. Mikwaruzo mingi ilikuwa ikitokea kusini-magharibi, yaani karibu mgongoni kabisa.

Wanaredio wa ridhaa waliingia mwaka huohuo wa 1921. Majaribio yao ya kuvusha sauti juu ya Atlantiki mwezi Februari yalikuwa yameshindwa. Hakuna kituo cha Marekani kilichosikika Uingereza. Chama chao cha Marekani, ARRL, kikaamua kumtuma Paul Godley mwenyewe akasikilize. Alipiga hema Ardrossan, pwani ya Scotland, Desemba, kwenye baridi na mvua, akanyosha waya wa Beverage wa futi 1,300 hivi (kama mita 400) juu ya nguzo fupi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1921 alinakili ujumbe kamili kutoka 1BCG, kituo cha Greenwich, Connecticut, kilichorusha kwa nguvu ya karibu kilowati 1 tu.

Masimulizi mengi humpa sifa Edwin Armstrong. Ni haki yake: alikuwa miongoni mwa waliojenga 1BCG, na redio aliyobeba Godley ilifuata ubunifu wake wa superheterodyne. Baadhi ya Waingereza pia walizisikia ishara hizo kwa vifaa vyao wenyewe, kwa hiyo siwezi kudai kwamba waya ule ndio ulioshinda peke yake. Hata hivyo Godley alinasa zaidi ya vituo 20, na kwa maoni yangu waya ule umesahauliwa mno.

Nadhani umesahauliwa kwa sababu unaonekana dhaifu. Antena ya Beverage kweli hunasa kidogo sana. Tuseme eriali ya wima inakupa sauti 10 na kelele 20. Beverage ikupe sauti 1 na kelele 0.2. Ya pili ndiyo inayosomeka, kwa sababu kuongeza ukubwa ni kazi rahisi ya redio. Sisi waandishi wa programu tunapenda kuamini kwamba kompyuta itasafisha kila kitu baadaye. Kelele ikishakaa kwenye masafa yaleyale na sauti, hakuna programu inayoitenganisha kama inavyotenganishwa na antena inayojua upande.

Leo radi ina wasaidizi: chaja za simu, balbu za LED, vifaa vya umeme wa jua. Kwenye jengo ninamoishi mawimbi ya kati hunguruma kuanzia saa moja jioni, taa zinapowashwa. Na nani ana mita 400 za ardhi? Ploti ya hamsini kwa mia haitoshi. Ndipo zikaja antena ndogo zilizorithi rezista ya Beverage. EWE ya mwaka 1995 ina umbo la herufi U iliyopinduliwa (isome kwa Kiingereza utaelewa jina), na wima zake zina kama mita 3. Kitanzi cha K9AY cha mwaka 1997 husimama kwenye mlingoti mmoja wa mita 7 na nusu hivi. Ukifunga viwili vilivyokatana, swichi moja inakuchagulia pande nne. Waya, mlingoti, rezista na swichi: vyote vinaingia kwenye ua wa nyuma.